Tupaki Basi au Tufunguke? Hoja ya Mara na Mabao ya Moscow

Sirari ndipo wilaya ya Tarime, mkoani Mara, Tanzania, inapokomea. Hatua chache mbele ni Isebania, Kenya, na Wakuria wanaishi pande zote mbili kwa sababu mpaka uliochorwa na Waingereza na Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19 haukuuliza ukoo wa nani unalima wapi. Biashara inavuka, ndoa zinavuka, mitumba na mahindi vinavuka. Ubishi wa mpira nao unavuka kila siku bila kupigwa muhuri. Kitu kimoja tu kimeshindwa kuvuka sawasawa: mpira wa magongo. Kenya umo katika michezo ya shule za sekondari, una ligi na una historia ndefu. Upande wa Tarime na Serengeti, vijana wengi humaliza shule bila kushika gongo hata mara moja.

Ajabu ni kwamba ushahidi mkali kuliko wote katika ubishi unaopendwa zaidi vijiweni, kuanzia Nyamongo wilayani Tarime hadi Mugumu wilayani Serengeti, unatoka kwenye mchezo huohuo wasioucheza. Ubishi wenyewe unajulikana. Timu ndogo inakutana na kubwa: je, ipaki basi, yaani watu wote warudi nyuma wazibe njia, au ifunguke ishambulie na liwalo na liwe? Kila klabu kubwa ya Dar es Salaam, Simba au Yanga, inapotua mkoani, swali hilo hujibiwa kwa sauti ya juu na watu ambao hawatagusa mpira siku hiyo. Tanzania ililijibu mbele ya dunia nzima mwaka 1980, na jibu lake likaandikwa kwa mabao.

Mwaka huo Marekani iliongoza mgomo dhidi ya Michezo ya Olimpiki ya Moscow, kupinga majeshi ya Kisovieti kuingia Afghanistan Desemba 1979. Kenya iligoma. Tanzania, ambayo miaka minne nyuma ilisusia Montreal kwa sababu ya New Zealand kucheza raga na Afrika Kusini ya makaburu, safari hii ilikwenda. Kwenye mpira wa magongo wa wanaume mgomo ulikuwa umefagia uwanja: mabingwa watetezi New Zealand hawakuwepo, Pakistan haikuwepo, wala Ujerumani Magharibi, Uholanzi na Australia. Waandaaji wakatafuta wa kujaza nafasi. Zikapatikana timu sita: India, Hispania, Umoja wa Kisovieti, Poland, Kuba na Tanzania. Kila mmoja acheze na kila mmoja.

India ilishinda 18-0. Hispania 12-0. Wasovieti 11-2. Poland 9-1. Kuba 4-0.

Jumla ni mabao 54 ya kufungwa na matatu ya kufunga. Kisha ikaja mechi ya kutafuta nafasi ya tano, Kuba tena, na Tanzania ikafungwa 4-1. Mtu akizisoma namba hizi haraka atasema hakuna cha kujadili hapo, ni kipigo tu. Lakini namba hizo zina mambo. Dhidi ya Kuba, Tanzania ilikutana na mpinzani yuleyule mara mbili ndani ya mashindano hayohayo. Mara ya kwanza ilifungwa manne bila kupata kitu. Mara ya pili ilifungwa manne vilevile, ila ikapata moja. Wasovieti, ambao mwisho wa yote walitoka na shaba, walifungwa mabao mawili na timu ambayo India ilikuwa imeitandika 18. Kwa hiyo walikuwapo watu katika kikosi kile waliojua kupeleka mpira mbele. Kilichokosekana ni mahali pa kusimamia wakati mpira haupo mguuni, au tuseme kwenye gongo.

Hapa ndipo wapenda soka wanapokosea wanapotaka kuupima mchezo mmoja kwa kipimo cha mwingine. Katika soka, kupaki basi ni kazi inayowezekana hata kwa timu isiyo na vipaji. Weka mistari miwili ya wanne, zuia kwa kifua, kwa paja, kwa mguu, butua mpira nje, poteza dakika. Katika mpira wa magongo basi halipakiki kirahisi hivyo. Mchezaji asiye golikipa haruhusiwi kuuzuia mpira kwa mguu. Ukiugusa kwa mguu ndani ya nusu duara iliyo mbele ya goli lako, mpinzani anapewa kona ya adhabu. Mpira husukumwa kutoka mstari wa goli, husimamishwa ukingoni mwa nusu duara, kisha mpigaji huuachia, huku mabeki wachache wakichomoka golini kumkimbilia na wenzao wamezuiwa mbali. Kadiri unavyojaza watu mbele ya goli, ndivyo miguu inavyokuwa mingi na kona za adhabu zinavyoongezeka. Kulinda kwa magongo kunataka ufundi wa kushusha gongo chini, kumnyang'anya mtu bila kumgusa, kusoma pasi kabla haijatoka. Ufundi huo haupatikani kwa moyo wa kizalendo. Unapatikana kwa saa za mazoezi na kwa mechi nyingi dhidi ya wanaokuzidi.

Wapo wanaoutupia lawama uwanja. Mpira wa magongo Moscow ulichezwa kwenye nyasi bandia, ambako mpira unateleza kwa kasi na hauruki ovyo, ilhali wachezaji wa Afrika Mashariki walikulia kwenye nyasi za kawaida na udongo mgumu. Nairobi yenyewe ilipata uwanja wa magongo wa nyasi bandia pale City Park mwaka 1987, kwa ajili ya Michezo ya Afrika. Sababu hiyo ina uzito, ila haitoshi. Katika Moscow hiyohiyo, timu ya wanawake ya Zimbabwe nayo iliitwa dakika za mwisho kujaza pengo la mgomo, wiki chache tu kabla ya mashindano, nayo ilikuwa ngeni kwenye nyasi bandia. Ilishinda mechi tatu, ikatoka sare mbili, haikupoteza hata moja, ikaondoka na dhahabu ya kwanza ya Olimpiki ya taifa lililokuwa na miezi mitatu tu tangu uhuru. Ilifunga mabao 13, ikafungwa manne. Wapinzani wao, kweli, walikuwa wamepunguzwa na mgomo uleule. Lakini wanawake wale, ambao wote walikuwa Wazungu, walikuwa wamecheza magongo kila wiki tangu shuleni, katika vilabu vyenye viwanja na ratiba. Timu iliundwa haraka. Wachezaji walikuwa wameundwa zamani.

Jirani wa Tarime alikuwa na somo hilo mapema zaidi. Katika Kombe la kwanza la Dunia la magongo, Barcelona 1971, Kenya ilifika nusu fainali ikafungwa 1-0 na Hispania, kisha ikapoteza 2-1 kwa India katika kugombea nafasi ya tatu. Timu ya taifa kutoka Afrika Mashariki ilikuwa ya nne duniani! Nguzo yake kwa miaka mingi alikuwa Avtar Singh Sohal, aliyeiongoza Kenya kama nahodha katika Olimpiki za 1964, 1968 na 1972. Alikuwa beki. Ukiyatazama matokeo ya Barcelona utaona aina ya timu iliyokuwapo: mbele ya waandaaji ilifungwa bao moja tu, na mbele ya India mawili. Hiyo si timu iliyojificha. Ilikuwa na ukuta uliofundishwa, na juu ya ukuta huo ikathubutu kucheza.

Kuna Watanzania wawili waliotoka Moscow vizuri, na kwa bahati wote wawili wanaingia katika ubishi huu. Filbert Bayi alikuwa mshambuliaji wa damu. Mwaka 1974, Christchurch, aliongoza mbio za mita 1500 tangu bunduki ilipolia hadi utepe, akavunja rekodi ya dunia kwa dakika 3 na sekunde 32.2. Moscow alijaribu mchezo uleule katika mita 3000 kuruka viunzi na maji: akatoka mbele, akawaacha, akaendelea kuwaacha. Katika mzunguko wa mwisho Bronisław Malinowski wa Poland alimfikia na kumpita. Bayi akapata fedha. Siku iliyofuata aliingia Suleiman Nyambui, mtoto wa Majita, mkoani Mara, katika mita 5000. Yeye alikaa kundini, akasubiri, akaachia miguu mwishoni, akamaliza nyuma ya Miruts Yifter wa Ethiopia kwa chini ya sekunde moja. Naye akapata fedha. Mmoja alishambulia tangu mwanzo, mwingine alijihifadhi hadi mwisho, na wote wakavuna medali ya rangi moja. Hadi leo hizo ndizo medali pekee za Olimpiki ambazo Tanzania inazo. Anayetaka kuutumia ushahidi wa Moscow kuthibitisha kwamba mbinu moja inaishinda nyingine ana kazi.

Wilaya ya Serengeti nayo ina sehemu yake katika hoja, ingawa kwa jina zaidi. Timu ya taifa ya vijana chini ya miaka 17 inaitwa Serengeti Boys, na katika miaka miwili tu iliwahi kuwa timu mbili tofauti kabisa.

Mei 2017, huko Gabon, chini ya kocha Bakari Shime, vijana walicheza fainali zao za kwanza za Afrika kwa kujilinda. Wakatoka 0-0 na Mali, waliokuwa mabingwa watetezi na ambao mwishowe walitwaa tena kombe. Wakaifunga Angola 2-1. Katika mechi ya tatu sare ingetosha kuwapeleka Kombe la Dunia la umri huo nchini India. Niger ikawafunga bao moja. Pointi zikalingana, nne kwa nne, lakini Niger ilikuwa na ushindi wa ana kwa ana, na Tanzania ikarudi nyumbani. Mabao mawili ya kufunga na mawili ya kufungwa katika mechi tatu.

Aprili 2019 mashindano yakaja Dar es Salaam. Kocha sasa alikuwa Oscar Mirambo, uwanja ulikuwa wa nyumbani, na hakuna aliyenunua tiketi aje kuangalia basi. Mechi ya ufunguzi dhidi ya Nigeria ilikuwa ya kusimulia wajukuu: Tanzania ikatanguliwa, ikarudi, ikaongoza 4-3 kipindi cha pili, ikafungwa 5-4. Uganda ikaja ikashinda 3-0. Angola, ileile iliyofungwa Gabon, ikashinda 4-2. Mabao sita ya kufunga, 12 ya kufungwa, pointi sifuri. Mashabiki wengi wa Mugumu wangechagua kuitazama ile ya 2019 mara kumi. Ila iliyokaribia Kombe la Dunia ni ile ya 2017, na tofauti kati yao haipaswi kufichwa kwa makofi. Timu inayoongoza 4-3 dhidi ya Nigeria, muda ukiwa unayoyoma, inahitaji kitu kimoja tu: kujua kufunga mlango. Haikujua.

Mkoa wa Mara ulipopata klabu yake ya Ligi Kuu msimu wa 2018/19, Biashara United ya Musoma, wapenzi waliipa jina la utani la Wanajeshi wa Mpakani. Jina hilo lina historia nzito kuliko linavyosikika uwanjani, kwa sababu ardhi hii iliwahi kuona wanajeshi wa kweli wakipimana kwa swali hilihili. Huko Ikoma, wilayani Serengeti, Wajerumani walikuwa wamejenga boma la mawe. Juni 1917, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, jeshi la Ujerumani likiwa limeshapoteza sehemu kubwa ya nchi, kikosi chake kidogo chini ya Heinrich Naumann, kilichokuwa kikizunguka nyuma ya mistari ya adui, kililitwaa boma hilo. Wabelgiji wakaja kulishambulia mwishoni mwa mwezi. Waliokuwa ndani walistahimili, kisha wakatoka na kuwapiga kwa kushtukiza, washambuliaji wakarudi nyuma na hasara kubwa. Ulikuwa ulinzi na kaunta ya kufundishia darasani. Naumann hakuganda pale kushangilia. Aliondoka, akazunguka tena, na Oktoba mwaka huohuo akasalimu amri, akiwa amebakiwa na wapiganaji chini ya mia mbili. Wanakijiji waliochukuliwa nafaka na mifugo yao njia nzima hawakuulizwa walipendelea mbinu ipi.

Biashara United haikuwa na boma la mawe bali Uwanja wa Karume, Musoma. Katika msimu wa kwanza iliponea chupuchupu kushuka. Kisha ikajengwa. Msimu wa 2020/21 ulianza chini ya Mkenya Francis Baraza, naye alipoondoka kwenda Kagera Sugar akaja Mkenya mwingine, Patrick Odhiambo. Timu ilimaliza ya nne, nyuma ya Simba, Yanga na Azam. Katika Kombe la Shirikisho la Azam ilifika nusu fainali na kufungwa na Yanga bao moja kwa bila mjini Tabora. Hakuna aliyeisifu kwa soka la kupendeza. Ilisifiwa kwa kuwa ngumu, na kwa klabu ya mkoani isiyo na fedha za kununua washambuliaji hiyo ni sifa kamili. Straika mzuri ana bei, na akifunga mabao kumi mfululizo simu ya Dar es Salaam italia. Mabeki wanne wanaoelewana hawana bei hiyo, na wanaweza kutengenezwa hapohapo Karume kwa filimbi na koni.

Nafasi ya nne ikawapa tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Wakaitoa Dikhil ya Djibouti. Oktoba 2021, jijini Dar es Salaam, wakaifunga Al Ahli Tripoli ya Libya 2-0. Soma tena matokeo hayo: klabu ya Musoma, mabao mawili, haikuruhusu hata moja, dhidi ya timu kubwa ya Afrika Kaskazini. Kwa marudiano, hapo ndipo basi lingepakiwa kwa haki zote. Kocha yeyote wa kijiji angejua la kufanya: zuia dakika 90, ukifungwa moja bado umepita.

Mechi haikuchezwa. Vibali vya safari ya ndege kwenda Libya havikukamilika kwa wakati, timu ikabaki nchini, na Al Ahli ikasonga mbele. Mwisho wa msimu huohuo wa 2021/22 Biashara United ilishuka daraja.

Ndiyo maana ubishi wa kijiweni, pamoja na utamu wake, huanzia mahali ambapo hoja imeshaisha. Timu ya magongo ya 1980 haikufungwa 18 kwa sababu mtu alichagua kushambulia badala ya kulinda. Ilifungwa kwa sababu ilikwenda kuijua kasi ya India siku ya kucheza na India. Biashara haikutolewa Afrika na mbinu ya Walibya. Ilitolewa na karatasi. Serengeti Boys wa 2019 walikuwa na ufundi wa kufunga manne, ila mechi za kuwafundisha kulilinda bao la nne zilikuwa chache. Akilazimishwa kuchagua upande, mwandishi huyu ataanza na mabeki, kwa sababu ndio watu ambao klabu maskini inaweza kuwatengeneza yenyewe, na ataacha wawili mbele ili adui asilale. Lakini uamuzi huo una maana kwa timu inayocheza mechi nyingi tu. Kwa isiyocheza, kulinda na kushambulia ni majina mawili ya kubahatisha.

Mashindano ya vijiji vinavyozunguka mgodi wa North Mara yamewapa vijana wa Nyamongo mechi za kweli zenye waamuzi na watazamaji, na hilo ni jema. Shule za Tarime na Mugumu zina mashindano ya UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari, ambayo huja mara moja kwa mwaka na kupita. Hayatoshi. Wenye shule zinazocheza soka na magongo msimu mzima wako ng'ambo ya Sirari, kwa nauli ya bodaboda na matatu. Maafisa michezo wa halmashauri hizi wakiandika barua mbili tatu kwa wenzao wa kaunti ya Migori, Kenya, timu za shule zinaweza kupata mechi za kirafiki kabla ya muhula kuisha, na gongo likaingia Tarime likiwa mikononi mwa mtoto anayejua kulitumia. Tangu Moscow, Tanzania haijacheza tena mpira wa magongo kwenye Olimpiki.